Kumbe Hakufa!

Bila shaka umewahi kuketi na watoto wako kuangalia sehemu ya pili ya filamu ambayo nyote mliipenda. Mmepika mapema, vyombo vimeoshwa, hata jirani amekuja na mkeka wake. Baada ya nusu saa mtoto mmoja amesinzia, mwingine anachezea simu, na baba anasema taratibu, "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri."

Kwa nini iwe hivyo mara nyingi namna hii? Wachezaji ni wale wale, fedha zimeongezeka, na sisi watazamaji tumekuja na mioyo iliyokwisha kupenda.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi Handeni na sasa niko Korogwe. Siku zisizo za zamu nasaidia kikundi cha akina mama wa kanisa kinachoandaa maigizo ya afya kwa ajili ya vijiji. Sikusomea sinema, lakini nimeziona nyingi, na nimeliona igizo letu wenyewe likiharibiwa na sehemu yake ya pili. Jambo hilo lilinifundisha kwamba sehemu ya pili iliyo mbaya haiishii kuchosha tu. Yaweza kurudi nyuma na kulifuta lile jema lililofanywa na ya kwanza.

STELINGI HAFI

Sisi tuliokulia Korogwe tuliijua sinema kupitia banda la video. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo mtu mwenye deki, televisheni na jenereta alikuwa mtu mkubwa mtaani. Tulikaa juu ya mabenchi, kuta ni za magunia, kanda imechakaa hata picha inarukaruka. Kiingereza chao hatukukielewa, lakini sheria moja tuliijua sote: stelingi hafi. Akipigwa risasi, ni ya bega. Akitumbukia mtoni, tunasubiri aibuke.

Stelingi mkubwa kuliko wote alikuwa Rambo, aliyechezwa na Sylvester Stallone. Jina lake lilipendwa hata likaingia sokoni. Mfuko wa plastiki wa kubebea nyanya na dagaa ukaitwa "mfuko wa rambo", na tuliuita hivyo hadi mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019.

Rambo tuliyemjua ni yule wa filamu ya pili, ya mwaka 1985, mwenye kitambaa kichwani na bunduki kubwa. Ile ya kwanza, First Blood ya mwaka 1982, niliiona baadaye sana, nikiwa nimekwisha kusomea uuguzi. Nilishangaa. Nilikuta mtu mwingine kabisa.

Katika ile ya kwanza, Rambo ni askari aliyerudi kutoka vita ya Vietnam. Anatembea kwa miguu kumtafuta rafiki waliyepigana pamoja, anaambiwa kwamba amekufa kwa saratani. Mkuu wa polisi wa mji mdogo anamfukuza kama mzururaji. Anakamatwa, anateswa mahabusu, na kumbukumbu za vita zinamrudia. Pamoja na purukushani zote zinazofuata, anayeonekana akifa ni mtu mmoja tu, naye anaanguka kutoka kwenye helikopta. Mwishoni hakuna shangwe ya ushindi. Rambo anaketi sakafuni mbele ya kanali wake na kulia, akieleza jinsi mwenzake alivyofia mikononi mwake. Kilio cha namna hiyo nakijua. Nimekisikia wodini, usiku, kutoka kwa watu ambao mchana huwa wanasema hawana tatizo.

Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, na katika riwaya Rambo anakufa. Watengenezaji walipiga hata picha za kifo chake. Watazamaji wa majaribio hawakupendezwa, basi mwisho ukabadilishwa, na mlango wa kuendelea ukabaki wazi. Zikaja filamu za mwaka 1985, 1988, 2008 na 2019. Yule mgonjwa aliyelia sakafuni akarudi akiwa mtu wa kuua makumi kwa makumi. Jeraha lake halikutibiwa, lilisahauliwa tu. Watoto wa mtaani kwetu wakaiga bunduki. Sikumwona hata mmoja aliyeiga kilio.

CHUPA ILIKWISHA KUTUPWA

Filamu nyingine iliyochekesha Afrika nzima ni The Gods Must Be Crazy, iliyotengenezwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini mwaka 1980. Wengi mtaikumbuka kama filamu ya yule bwana na chupa ya soda. Rubani anatupa chupa tupu kutoka angani, inaangukia jamaa ya Wasani katika nyika ya Kalahari. Kwa kuwa ni moja tu na kila mtu anaitaka, inaleta wivu na ugomvi. Basi N!xau, mwenyeji wa Namibia, anaibeba kwenda kuitupa nje ya ukingo wa dunia. Wako waliolaumu kwamba filamu iliwaonyesha Wasani kama watu wasiojua shida za dunia, wakati shida hizo ziliwakaba kila siku, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo hadithi ilikuwa na swali moja lililo wazi: chupa itakwenda wapi? Alipoitupa, swali lilijibiwa.

Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1989. Safari hii watoto wawili wa N!xau wanapanda lori la majangili wa pembe za ndovu, linaondoka nao, naye anafuata nyayo. Mzazi yeyote ataguswa hapo. Lakini pembeni yake kuna tena mwanamume na mwanamke wa kizungu waliopotea porini, tena vyombo vya usafiri visivyotii, tena watu wa kuangukaangua ili tucheke. Kisha watengenezaji wa Hong Kong wakamchukua N!xau wakafanya naye filamu nyingine, mwaka 1991, 1993 na 1994. Katika mojawapo anakutana na maiti ya Kichina inayorukaruka! Chupa haipo tena, wala amani ya nyumbani iliyohitaji kurudishwa. Imebaki sura ya mtu inayopendwa na wateja.

Ila nisiwe mkali kupita kiasi. Iliandikwa sana kwamba kwa filamu ya kwanza, iliyoingiza mamilioni ya dola, N!xau mwanzoni alipewa dola mia chache tu, na kwamba malipo mazuri yalikuja na ile ya pili. Alirudi kwao Namibia, akalima mahindi, maboga na maharage, na akafariki mwaka 2003 baada ya kuugua kifua kikuu. Mkulima huyo akipata nyumba kwa filamu isiyofikia ya kwanza, mimi siwezi kumnyooshea kidole.

Akina mama wa kwaya nao wataikumbuka Sister Act ya mwaka 1992. Mwimbaji wa klabu, aliyechezwa na Whoopi Goldberg, amefichwa kwa masista kwa sababu wahalifu wanataka kumwua. Anaifundisha kwaya yao, kwaya inasifika, na sifa hiyo hiyo inamweka hatarini kuonekana. Kila wimbo mzuri ni hatari kwake, ndiyo maana tulikaa tumeshika roho. Sehemu ya pili ililetwa haraka, Desemba 1993. Nyimbo ni tamu, na vijana wengi wanaipenda hadi leo. Lakini mwimbaji wetu hayumo tena hatarini. Kinachotafutwa ni kuokoa shule isifungwe kwa kushinda mashindano ya kwaya. Katika kumbi za Marekani ya kwanza iliingiza dola milioni 139 hivi, ya pili milioni 57 hivi.

KITENGE KILICHOKATWA

Hapa kwetu neno "sehemu ya pili" lilipata maana nyingine. Filamu za Nigeria zilipofika kwa wingi, tulizoea kununua hadithi moja katika vipande viwili. Osuofia in London ya mwaka 2003, ambamo Nkem Owoh anakwenda Uingereza kufuata urithi wa ndugu yake, ilituacha tukisubiri ya pili ili tujue fedha zile zilikwenda wapi. Filamu zetu wenyewe zikafuata njia hiyo. Baada ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, soko lilipanuka haraka, na ikawa kawaida hadithi moja kuuzwa kama Part 1 na Part 2, kila moja kwa bei yake.

Nakumbuka jinsi tulivyochangishana wauguzi wa zamu kununua. Ya kwanza inakatika mama mkwe ameshika kitasa cha mlango. Tunangoja mwisho wa mwezi. Ya pili tunaona gari linafika, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mlinzi anafunga geti, mtu anashuka, anapanda ngazi, anapokea simu. Saa nzima imekwisha na mama mkwe hajasema neno. Ni kama kununua doti ya kitenge, ukifika nyumbani unakuta ni nusu, na nusu ya pili imevutwavutwa ili ionekane nzima. Siwalaumu wachezaji wetu, ambao wengi walijitahidi kwa kipato kidogo. Aliyefaidika na kukata ni muuzaji, na aliyeumia ni mama mwenye kijifedha cha kuhesabu.

IGIZO LETU LA HANDENI

Sasa nije kwenye lile lililonigusa zaidi. Kufundisha afya kwa hadithi si jambo geni katika milima yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri, juu ya Korogwe, Baraza la Kimataifa la Misheni liliendesha mradi wa kutengeneza sinema za mafunzo na kuzizungusha Afrika Mashariki na Kati. Zilikuwamo za ugonjwa wa safura. Sisi hatuna kamera. Tuna kanga, ngoma, na akina mama wenye vipaji.

Igizo letu la kwanza lilimhusu mama mjamzito tuliyemwita Zaina. Uchungu unamshika usiku, mume amesafiri. Mama mkwe anasema wangoje mume arudi atoe ruhusa na nauli. Anajifungulia nyumbani mtoto wa kike, lakini kondo la nyuma linachelewa na damu haikomi. Wanapokuja kumpakia kwenye pikipiki, amekwisha kulegea. Anafia njiani. Wenzake sita wanamfunika kanga na kumbeba polepole kupita katikati ya watazamaji, bila wimbo.

Hatukuvumbua jambo hilo. Damu nyingi baada ya kujifungua ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya wazazi duniani. Mama akipoteza nusu lita au zaidi tayari ni hatari, na akikosa huduma anaweza kufa ndani ya saa mbili tatu. Kila muuguzi wa wodi ya wazazi ana sura ya mama fulani asiyoisahau.

Tulilicheza katika kijiji kimoja cha Handeni, mbali na barabara ya lami. Hakuna aliyepiga makofi. Walikaa kimya, kisha wazee wakaanza kulia. Miezi iliyofuata wanawake wa kijiji kile walikuja kliniki na kuuliza jambo ambalo hawakuwa wakiuliza: nijiandae lini, niweke akiba ya nauli kiasi gani, nikiona damu nifanye nini. Wawili walikuja na mama wakwe zao.

Mwaka uliofuata tukaalikwa tena. Kikao cha kikundi kikasema, "Watu wanampenda Zaina, tumrudishe." Nikasema Zaina amekufa. Dada mmoja akajibu, "Tutasema alizimia tu." Nilieleza kama muuguzi kwamba kifo kile ndicho kilichobeba ujumbe. Wengi wakaona watu wanahitaji furaha, na huenda umati ukaongezeka. Wengi wape.

Umati uliongezeka kweli. Zaina alipotokea, vigelegele vilipasua anga. Akacheza, akagombana na mama mkwe, watu wakacheka hadi machozi. Tulipomaliza, bibi mmoja Mzigua akanishika mkono kwa furaha. Nilimwamkia, akasema, "Nesi, mwanangu, mwaka jana tulilia bure. Kumbe hakufa!" Kando yake alikaa binti mwenye mimba kubwa, naye anacheka.

Nikamwambia, "Bibi, huyu wa kwenye igizo amefufuka. Wale ninaowajua mimi hawajarudi hata mmoja." Alinitazama, akanyamaza. Lakini sikuweza kuwashika mikono watu wote waliokuwa pale nikawaambia mmoja mmoja.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo kuhusu Rambo na wengineo. Ya kwanza ilizaliwa na jambo lililotokea: vita, kifo, wivu juu ya kitu kimoja. Ya pili ilizaliwa na makofi. Na makofi yakiwa ndiyo mzazi wa hadithi, kitu cha kwanza kuondolewa ni gharama. Aliyekufa anafufuliwa, aliyelia anapewa bunduki, aliyetupa chupa anatafutiwa chupa nyingine.

YA PILI ILIYO NJEMA YAWEZEKANA

Aliyetuokoa ni yule fundi cherehani aliyemchezea Zaina. Tulipokaa kupanga mwaka wa tatu, akasema, "Mimi nimechoka kufufuka. Niacheni nife." Tukacheka, kisha tukakubali. Tukaliweka kando lile igizo la pili na kuanza upya kutoka la kwanza. Miaka saba imepita. Yule mtoto aliyezaliwa usiku ule anaandikishwa darasa la kwanza, na mwalimu anamwuliza jina la mama yake. Anarudi nyumbani kumwuliza bibi yake, na bibi ndiye yule mama mkwe aliyesema wangoje. Zaina hatokei kabisa. Kuna kanga yake tu, imekunjwa ndani ya sanduku. Bibi anaitoa, na inambidi aeleze. Hiyo ilikuwa sehemu ya pili ya kweli, kwa sababu ilibeba deni la ya kwanza badala ya kulifuta. Ukimya ule wa mwanzo ulirudi.

Hata wakubwa wa kazi hiyo wanaonyesha kwamba inawezekana. Living in Bondage ya Nigeria, ya mwaka 1992, ilimhusu Andy, aliyemtoa mkewe kafara ili apate utajiri. Sehemu ya pili, ya mwaka 1993, haikusema mke alizimia. Ilimwonyesha Andy akilipa: anasumbuliwa, anarukwa na akili, hadi anafikishwa kanisani na kuungama. Kisha watu walitulia kwa zaidi ya miaka 25. Mwaka 2019 mchezaji Ramsey Nouah akaongoza filamu ya kuendeleza hadithi ile, akamwuliza mtoto wa Andy swali lile lile la utajiri. Ilipendwa, na ikapata tuzo nyingi za Afrika mwaka 2020. Ilikuwa na jambo jipya la kusema, na hakuna aliyeikimbiza.

Hata Luka, ambaye kwa mapokeo alikuwa tabibu, alimwandikia Theofilo vitabu viwili. Matendo ya Mitume si Injili iliyorudiwa kwa maneno mengine. Kina safari zake, vifungo vyake na merikebu yake iliyovunjika.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Akina mama wenzangu, sisemi tuwazuie watoto wasione sehemu ya pili. Nasema tukae nao na kuwauliza maswali mawili matatu baada ya filamu. Je, yule aliyeumia katika ile ya kwanza bado anaumia, au amesahauliwa? Je, kuna swali jipya, au ni utani ule ule uliovaa nguo mpya? Je, hadithi ilikuwa imekwisha kabla hawajairudia? Mtoto wa miaka 10 anaweza kujibu, na majibu yake yatakushangaza. Mwanangu wa pili aliwahi kuniambia kuhusu filamu fulani, "Mama, hii wamesahau kwamba bibi alikufa."

Na mkiwa na uwezo, anzeni na ya kwanza. Vijana wengi wanamjua Rambo wa bunduki tu. Muwaonyeshe wakubwa yule aliyelia sakafuni, kisha mzime televisheni na mwache wazungumze. Si lazima kila hadithi iliyotupendeza iendelezwe. Nyingine zilikwisha vizuri, na kazi iliyobaki ni yetu, kuzikumbuka kama zilivyokwisha.

Kikundi chetu kimealikwa tena Handeni, baada ya mavuno. Tunafikiria igizo la baba anayesindikiza mkewe kliniki. Zaina tumemwacha apumzike.